Maji ya Wapi?

Ugonjwa wa kuhara uingiapo mtaani, swali letu la kwanza kina mama huwa ni hili: watoto wamekunywa maji ya wapi? Swali hilo hilo ndilo lililofichua chanzo cha maafa ya Soho, mjini London, mwaka 1854.

Kipindupindu kilipozuka huko mwishoni mwa Agosti, wakubwa wengi waliamini kuwa huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Daktari John Snow hakukubali. Alichukua kutoka ofisi ya usajili orodha ya marehemu 83, akafuatilia makazi yao. Karibu wote waliishi jirani na pampu ya kisima cha Broad Street. Walibaki 10, ambao nyumba zao zilikuwa karibu zaidi na pampu nyingine, na hapo hesabu peke yake ingemkwamisha. Alibisha hodi. Jamaa za 5 kati yao wakamwambia kuwa daima waliagiza maji ya Broad Street kwa kuyapenda. Na 3 walikuwa watoto waliosoma shule iliyo karibu na pampu hiyo. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa, ingawa kwa wakati huo wengi walikwisha kuhama na vifo vilikuwa vikipungua.

Aliyegundua asili yenyewe ni Henry Whitehead, kasisi wa mtaa, ambaye awali alimpinga Snow. Alimkuta mama aliyefiwa na mtoto mchanga. Mtoto alipoharisha, mama alisuuza nepi zake na kumwaga maji katika shimo la uchafu chini ya nyumba. Shimo lilipofukuliwa, likaonekana linavuja, nalo lilikuwa hatua chache tu kutoka kisimani. Hatumlaumu, angemwaga wapi? Lakini jambo hilo halikuwamo katika daftari lolote. Alilijua yeye.

Nasi Mombasa tuna visima vilivyopakana na vyoo vya shimo. Sensa ya mwaka 2019, iliyohesabu watu 1,208,333 katika kaunti yetu, iliuliza kila nyumba maji yatoka wapi na choo ni cha namna gani. Wako miongoni mwetu waliojibu "bomba" kwa kuona haya, ilhali bomba hutoa maji siku moja moja na ndoo hujazwa kisimani. Mpangaji wa mji aisomapo karatasi hiyo, huona mtaa uliokwisha kupata maji, na mfereji mpya akaupeleka kwingine.