Sila, Mtume Mchukua Waraka

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, karibu na mahali inapokutana mipaka ya Kongo na Sudani Kusini, iko Dranya, wilayani Koboko. Na katika pande hizo Mkakwa, mtu wa kabila la Wakakwa, ana ndugu zake katika nchi zote tatu, wala haoni ajabu habari ya arusi au ya matanga ikimfikia kwa kinywa cha mjumbe aliyevuka nayo mpaka. Watu waujuao uzito wa mjumbe mwaminifu ndio wastahikio kusimuliwa habari za Sila, ambaye kwa Kilatini aliitwa Silvanus.

Ilipozuka ikhtilafu katika kanisa la kwanza, yapata mwaka 49, kama watu wa mataifa walioamini wana wajibu wa kutahiriwa, wazee wa Yerusalemu walikata shauri, wakaliandika. Lakini kwa kuwa waraka haujibu maswali, wala hautulizi nyoyo zilizotaharuki, walimchagua Sila pamoja na Yuda aitwaye Barsaba, waupeleke Antiokia na kuufafanua kwa ulimi.

Baadaye Paulo, alipokwisha kufarakana na Barnaba, alimtwaa Sila awe sahibu wake wa safari. Mjini Filipi walipigwa bakora hadharani, wakatiwa gerezani, miguu ikabanwa katika mkatale. Na usiku wa manane, walipokuwa wakisali na kuimba, nchi ilitetemeka, milango ikafunguka, na mlinzi wa gereza, aliyekwisha kuufuta upanga ajiue, akabatizwa usiku ule ule, yeye na jamaa yake.

Jina la Sila limetajwa kati ya Paulo na Timotheo mwanzoni mwa nyaraka mbili kwa Wathesalonike, na tena mwishoni mwa waraka wa kwanza wa Petro, ulioandikwa kwa mkono wake. Walakini hakuna waraka hata mmoja uitwao kwa jina lake. Mapokeo ya Mashariki yalimhesabu katika wale wanafunzi Sabini waliotumwa na Yesu, kisha yakamgawa kuwa watu wawili, Sila askofu wa Korintho na Silwano askofu wa Thesalonike, wakumbukwao tarehe 30 Julai. Kanisa la Roma humkumbuka tarehe 13 Julai.

Jina hilo liliwafikia Wakakwa pia. Silvanus Wani, mwana wa kabila hilo, aliyekuwa askofu wa Madi na West Nile tangu 1969, alitwikwa uaskofu mkuu wa Kanisa la Uganda mwaka 1977, baada ya mtangulizi wake, Janani Luwum, kuuawa mwezi Februari, na utawala wa Idi Amin, Mkakwa mwenziwe, ungali na nguvu. Ulimwengu humkumbuka shahidi, nayo ni haki, na sanamu ya Luwum imesimama juu ya mlango wa Westminster Abbey mjini London. Lakini kundi lililobaki na hofu lilihitaji mchungaji kesho yake, naye Wani alilichunga hadi 1983.

Mzazi wa Dranya atakayempa mwanawe jina la Silvanus, na amweleze ya kuwa huyo ni mtu aliyeaminiwa maneno ya wengine, akayafikisha yote pasipo kuyapunguza, kisha akakaa na waliopelekewa hata wakayafahamu.