Jirani Asiyesikika Mpaka Forodha Ifungwe

Tarehe 10 Agosti 2024 waziri wa biashara wa Zambia, Chipoka Mulenga, alitangaza kwamba nchi yake inafunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Kongo ilikuwa imepiga marufuku bia na vinywaji baridi kutoka Zambia, na upande wa Kasumbalesa madereva na wafanyabiashara walikuwa wameanza kuandamana. Malori ya shaba na kobalti yakakwama. Mawaziri wakakutana Lusaka, na katika siku chache tu njia ikafunguliwa tena. Kwa siku hizo chache, Zambia ilizungumzwa Katanga nzima, hadi huku Kamina, kuliko inavyozungumzwa mwaka mzima wa amani.

Jambo hili lilikwisha kuchunguzwa zamani, na kwa kutumia habari zetu wenyewe. Mwaka 1965 watafiti Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge walichambua jinsi magazeti manne ya Norway yalivyoripoti misukosuko ya Kongo, Cuba na Cyprus. Kongo hiyo ni ile ya 1960, Katanga ilipojitenga na kituo cha kijeshi cha Kamina kikawa mezani kwa wakubwa wa dunia. Hoja yao ilikuwa kwamba gazeti la kila siku hupendelea tukio linaloanza na kuisha ndani ya siku moja. Jambo baya hutokea ghafla. Jema huchukua miaka kukomaa, na hakuna siku hata moja linapoonekana limetokea.

Ndiyo maana urafiki hauandikwi. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia saini makubaliano ya kushirikiana katika kutengeneza betri za magari ya umeme. Upo pia mradi wa barabara ya Kasomeno hadi Mwenda pamoja na daraja la mto Luapula, utakaofupisha safari kati ya nchi hizi mbili. Ni nani sokoni anayeweza kukusimulia habari hizo? Lakini kila mtu anaikumbuka bia.

Lugha nayo imechangia ukimya huo. Wakaonde wako Kongo na wako Zambia, Walunda vivyo hivyo, na Msanga akimsikiliza Mkaonde haimchukui muda kuelewa. Vyombo vya habari vikubwa, kwa upande mwingine, vinaandika Kifaransa Kinshasa na Kiingereza Lusaka. Mara nyingi mhariri wa upande mmoja humjua mwenzake kupitia mashirika ya Ulaya, kama vile Reuters na AFP, nayo huja palipowaka moto.

Halafu kuna tatizo la wakubwa kujibizana kwenye maikrofoni. Barua kati ya wizara mbili inaweza kujibiwa polepole, hata ikalegezwa bila mtu kuona aibu. Waziri akishasema mbele ya kamera, anayemsikiliza kwanza ni mpiga kura wake, si jirani, na kurudi nyuma kunaonekana kushindwa. Mwaka 2020, wanajeshi wa Zambia walipokuwa Kibanga na Kalubamba, kule Moba katika jimbo la Tanganyika, huku kwetu habari ilikuwa ya uvamizi, na Lusaka msimamo ulikuwa kwamba wanalinda ardhi yao. Kilichotuliza mambo ni wataalamu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ramani, na mkataba wa mpaka wa 1989. Kazi ya namna hiyo haina picha nzuri za televisheni.

Sisemi waandishi ndio walioanzisha ugomvi. Marufuku ya vinywaji ilitoka serikalini, na kuinyamazia kusingemsaidia dereva aliyelala chini ya lori lake akingoja. Redio ikinyamaza, WhatsApp haitanyamaza, na uvumi wa WhatsApp hauna mhariri wa kumuuliza. Radio Okapi, inayotangaza tangu Februari 2002 kwa Kifaransa na lugha zetu nne za taifa, imejipatia heshima yake kwa kuuliza pande zote kabla ya kusema.

Ninacholalamikia ni habari ya kweli iliyokatwa katikati. Chukua bukari, ugali wetu wa Katanga. Haut-Katanga inategemea sana mahindi na unga wa Zambia, na Lusaka inapobana mahindi yake, bei hupanda Lubumbashi na watu husema jirani ametufungia chakula. Sasa weka tarehe nyingine pembeni: 29 Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Katika hekta milioni 2.2 za mahindi zilizopandwa Zambia, takriban milioni 1 ziliharibika. Jirani yule aliyeonekana mchoyo alikuwa na njaa yake mwenyewe.

Na kwetu Haut-Lomami habari hiyo ina uzito mwingine, kwani Service National, idara ya serikali, inalima mahindi Kaniama na kuyapeleka Lubumbashi unga unapoadimika huko. Ukame wa Zambia kwa hiyo ni habari ya mkulima wa hapa pia, na ni ya kumfikia kabla hajapanda, si baada ya bei kulipuka. Mwandishi wa Lubumbashi anayetaka kuipata hahitaji kufika Lusaka. Anahitaji namba ya mwenzake wa redio kule Choma, makao makuu ya jimbo la Kusini la Zambia, moja ya sehemu zilizopigwa vibaya, na dakika kumi za kumuuliza mvua imeendaje.