Mbolea ya Shambani Yaweza Kufika Baharini

Huenda shamba lako liko mbali na bahari, lakini mbolea unayotia humo yaweza kufika Pwani. Mto Athi hukusanya maji ya Nairobi, Kiambu na Machakos. Ukishaungana na Mto Tsavo huitwa Galana, na karibu na Malindi, ambako huingia baharini, huitwa Sabaki.

Mvua kubwa inyeshapo, hubeba udongo, samadi na mbolea ya dukani hadi mtoni. Maji machafu ya mijini nayo huongezea. Naitrojeni na fosforasi zilizomo, ambazo hustawisha mahindi yako, hustawisha pia vijimea vidogo vya majini. Vikizidi, huzuia mwanga kufikia matumbawe. Vikifa na kuoza, humaliza oksijeni ambayo samaki huhitaji ili kupumua.

Baadhi ya vijimea hivyo vina sumu. Chaza na kome huvila, nawe ukiwala hao, midomo yaweza kufa ganzi na ukashindwa kupumua. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Uonapo dalili hizo, nenda hospitalini mara moja. Usile chaza waliotolewa mahali ambapo maji yamebadilika rangi.

Mkulima, usitie mbolea wakati mvua kubwa inakaribia. Igawe, utie kidogo kidogo kadiri mmea unavyokua. Jenga matuta ya kuzuia maji, na uache nyasi na miti ukingoni mwa mto. Hivyo utaokoa pesa zako, pamoja na kitoweo cha ndugu zako wa Pwani.