Je, Wajua? Shaba Iliyoungua Huifanyia Kazi Hewa Ukaa

Pitisha umeme kwenye maji yenye hewa ukaa, na kila metali itajibu kivyake. Dhahabu na fedha hukomea kwenye kaboni monoksidi. Bati na risasi hutoa fomati. Chuma na platini huacha hewa ukaa kando, huvunja maji na kutoa haidrojeni. Katika metali safi ni shaba pekee inayoendelea mbele, ikaunga methani na hata ethilini kwa kiasi cha maana. Hayo yalionyeshwa na Yoshio Hori na wenzake nchini Japani katika miaka ya 1980.

Ila shaba iliyosafishwa ikang'aa ina kasoro zake. Hudai umeme mwingi, huchoka mapema, na hutoa mchanganyiko: mwaka 2012 watafiti wa Stanford walihesabu mazao 16 tofauti kutoka kwenye shaba ya kawaida.

Mwaka huohuo, palepale Stanford, Christina Li na Matthew Kanan walifanya jambo ambalo mtu aliyezoea kusugua shaba kwa ndimu angeliona ni kuiharibu. Waliweka karatasi ya shaba ndani ya tanuri lenye nyuzi 500, katika hewa ya kawaida, kwa saa 12, mpaka ikavaa gamba nene la oksidi. Kisha wakaitia majini na kuiunganisha na umeme. Umeme ukaing'oa karibu oksijeni yote kwenye gamba, shaba ikarudi kuwa shaba. Lakini sasa iliigeuza hewa ukaa kwa msukumo mdogo zaidi wa umeme, pungufu kwa karibu nusu volti, na ilidumu kwa saa nyingi ilhali ile ya kawaida ilififia ndani ya saa moja.

Kwa nini? Oksijeni inapotoka, atomu za shaba hubaki kama udongo wa nyumba iliyong'olewa fito: hazina pa kuegemea, nazo hujikusanya upya kwa haraka. Hutokea fuwele ndogo mno, zimebanana bila mpango. Pale fuwele mbili zinapokutana na safu zao zisilingane, huwa na mpaka, na atomu za mpakani zimevutwa, hazijatulia. Kundi la Kanan linashikilia kwamba ni huko kaboni monoksidi inakonaswa kwa nguvu, ikakaa muda wa kutosha kuungana na nyingine. Mwaka 2014 waliilisha shaba ya namna hiyo kaboni monoksidi moja kwa moja, na zaidi ya nusu ya umeme ikaenda kwenye ethanoli na asetati. Na walipoipasha moto ili fuwele zitulie, uwezo wake ulishuka.

Ndiyo maana hunikera kusoma kwamba eti oksidi ndiyo inayofanya kazi. Mwaka 2018 watafiti wa Berkeley waliitengeneza oksidi kwa oksijeni nzito, inayoweza kufuatiliwa, na baada ya umeme kupita wakakuta imebaki chini ya asilimia 1. Gamba huisumbua shaba, kisha huondoka. Wapo wanaobishana bado, wakisema sehemu ya siri ni ukwaruzo wa uso unaopunguza uasidi wa maji yaliyo karibu; mjadala huo ni wa haki.

Shaba yenyewe haiko mbali nasi. Huchimbwa Kolwezi na Likasi, nchini Kongo, na watu wanaozungumza Kiswahili, husafishwa ikawa mabamba, nayo hupita kwa malori hadi bandari ya Dar es Salaam. Inaniuma kwamba tunaihesabu kwa tani tu. Karatasi ya shaba, tanuri na chanzo cha umeme si vitu vya kumshinda mkuu wa idara ya kemia akitaka wanafunzi wake wajaribu kwa mikono yao, na ni vema waanze sasa, kabla hatujauziwa mitambo iliyofungwa.

Sharti moja halina njia ya mkato: umeme uwe wa maji, jua, upepo au joto la ardhini, kwa sababu ukiwa wa makaa ya mawe, moshi utakaotoka utazidi hewa ukaa itakayonaswa. Matumizi ya mazao yake yapo tele: ethilini ya mabomba, mifuko na kuivishia ndizi, ethanoli ya mafuta na ya kutakasia mikono, asetati ya gundi na rangi, fomati ya viwanda vya ngozi.