Saladi Yaweza Kustawi Dirishani

Wapangaji wengi katika miji ya Meru na Embu hununua kila jani wanalokula, kwa kuwa hawana hata hatua moja ya shamba. Saladi ni mojawapo ya mboga chache ambazo mpangaji wa chumba kimoja anaweza kujipandia, kwani mizizi yake ni mifupi na haidai jua kali kama nyanya. Tena huliwa mbichi. Ikiwa ilimwagiliwa maji ya mtaro, hakuna moto wa jikoni wa kuua viini vya homa ya matumbo au kipindupindu, na mnunuzi sokoni hawezi kutambua kwa macho ni maji gani yaliyotumika.

Karai kuukuu au mkebe wa mafuta ya kupikia unatosha, mradi kina kiwe sentimita 15 au zaidi na matundu yatobolewe chini. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu kisitumiwe kamwe, hata kikioshwa mara kumi. Udongo wetu mwekundu ni mzuri shambani, lakini ukiwa peke yake ndani ya ndoo hushikana kama tofali. Uchanganywe na samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo.

Kosa linalowavunja moyo wengi ni kufukia mbegu mno. Mbegu ya saladi huhitaji mwanga ili iote. Inyunyizwe juu ya udongo uliolowa, kisha ifunikwe kidogo tu. Joto likipita nyuzi 30 hivi, mbegu nyingi hukataa kuota. Timau hilo si tatizo, ila Kiritiri na Siakago chombo kikae kivulini hadi miche ichomoze.

Baada ya hapo miche inataka jua. Kwa kuwa ikweta inapita hapa hapa Meru, dirisha la kaskazini hupata jua kuanzia Aprili hadi Septemba, na la kusini kuanzia Oktoba hadi Machi. La mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima, nalo ndilo bora. Miche ikirefuka na kuinama, mwanga hautoshi.

Baada ya wiki 5 au 6, majani ya nje yakatwe na ya katikati yaachwe yaendelee kukua. Shina likianza kurefuka ili litoe maua, majani huwa machungu, mmea ung'olewe. Vidukari wakionekana, waoshwe kwa maji tu.

Mbegu zinunuliwe kwa agroveti zikiwa katika pakiti iliyofungwa, na tarehe isomwe. Mwenye swali amwone afisa wa kilimo wa wadi yake.