Barua Mbili za Udahili: Kabla ya Kuchagua Chuo, Ichunguze Idara

Kila msimu wa udahili, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa orodha ya waombaji waliochaguliwa na chuo zaidi ya kimoja. Hali hii inatokana na utaratibu wa mwaka 2017, mfumo wa udahili wa pamoja ulioanza 2010 ulipoachwa na waombaji wakaanza kutuma maombi moja kwa moja vyuoni. Aliyepata vyuo viwili hutumiwa namba maalumu kwa simu au barua pepe, aitumie kuthibitisha chuo kimoja ndani ya siku zilizowekwa. Ni siku chache, na ndizo ambazo nyumba nyingi huamua kwa kusikiliza mjomba mwenye sauti kubwa.

Kwa kijana wa Itigi aliyemaliza kidato cha sita na tahasusi ya sanaa kama HKL au HGL, uamuzi huu una ramani yake. Mji uko juu ya Reli ya Kati, kilometa kama 40 magharibi mwa Manyoni. Upande mmoja ni Dodoma, upande wa pili ni Tabora, na kila upande una chuo kidogo cha kanisa kinachofundisha shahada ya sanaa na ualimu. (Anayetaka afya anaweza kuanzia hapahapa Itigi, kwenye chuo kinachokwenda pamoja na Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Hiyo ni makala nyingine.)

Dodoma kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohane cha Kanisa la Anglikana, kilichofunguliwa 2007 katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo, shule iliyopewa jina la mtemi wa Wagogo. Mwaka huohuo mji ukapata Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilichopangwa kubeba wanafunzi 40,000, na tangu hapo Mtakatifu Yohane kimeishi kivulini mwa jirani yake. Tabora kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, watu wanakiita AMUCTA, tawi la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Mwanza. Kimeitwa kwa jina la Marko Mihayo, aliyeongoza Jimbo Kuu Katoliki la Tabora kuanzia 1960 hadi 1985. Vyote viwili vinapokea wanafunzi wa dini zote, kwa hiyo mzazi Mwislamu au Mlutheri asitumie dini ya chuo kumkatalia mtoto.

Jambo la kwanza ambalo wazazi hulielewa vibaya ni maana ya kuchaguliwa. Kiwango cha chini cha TCU kwa mwenye kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili yanayohusika na kozi, yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha kufungua mlango wa kozi nyingi za sanaa. Kwa hiyo barua ya udahili inathibitisha kwamba mtoto amefika kiwango, basi. Haisemi lolote kuhusu ubora wa chuo, na wala haina maana kwamba chuo kimemtamani yeye kuliko wengine.

Sasa tuje kwenye udogo wa vyuo hivi. Marekani kuna vyuo kama Amherst na Swarthmore, vyenye wanafunzi wasiofika hata 2,500, ambavyo kijana huingia bila kutamka atabobea katika nini. Anasoma fasihi, hisabati na falsafa kwa miaka miwili, ndipo achague. Huko udogo ni anasa, unalipiwa na akiba kubwa za fedha za chuo. Kwetu mambo ni tofauti kabisa. Mwanafunzi wetu amefungwa na tahasusi tangu kidato cha tano, na chuo kidogo binafsi kinaendeshwa zaidi kwa ada ya wanafunzi walewale wachache. Wanafunzi wakipungua mwaka mmoja, idara inayumba. Hapo ndipo penye hoja yangu yote: katika chuo kikubwa unaweza kuchagua chuo na idara ikajitunza, katika chuo kidogo idara yako ndiyo chuo chako.

Chukua mfano wa shahada ya sanaa na ualimu, yenye masomo mawili ya kufundishia, tuseme Kiswahili na Kiingereza. Ukitazama ratiba ya idara ndogo utaona majina ya wahadhiri yanajirudia: yuleyule wa fonolojia mwaka wa kwanza ndiye wa isimujamii mwaka wa pili na ndiye atakayesimamia utafiti wako mwaka wa tatu. Akiwa mwalimu hodari, umepata bahati ambayo mwenzako wa ukumbi wa watu 400 hataiona. Atakujua kwa jina na atajua insha yako ilianguka wapi. Siku ukihitaji barua ya utambulisho, ataandika kuhusu mtu anayemfahamu. Lakini huyohuyo akienda kusoma uzamivu, kozi zake nne zinabaki mikononi mwa mhadhiri wa muda anayefundisha pengine pia, na vipindi vya wiki tatu vinashindiliwa Jumamosi mbili.

Kwa hiyo piga simu, au ikibidi panda basi, siku hizi lami ipo pande zote mbili. Usiulize "chuo chenu ni kizuri?" Uliza idara ya somo lako ina wahadhiri wangapi wa kudumu, na ngazi zao. Mhadhiri msaidizi kwa kawaida ana shahada ya uzamili, mhadhiri kamili ana uzamivu, na mkufunzi msaidizi ana shahada ya kwanza tu, wa kusaidia semina. Uliza kama masomo yako mawili yanaendana kwenye ratiba, maana katika chuo kidogo Jiografia na Kiingereza vinaweza kugongana kila Jumanne na ukashauriwa ubadilishe somo baada ya kwisha kulipa. Uliza pia mwaka wa tatu sasa hivi una wanafunzi wangapi wa mchepuo wako. Kisha fungua Mwongozo wa Udahili wa TCU, ambao kwa kila kozi unaonyesha sifa za kuingilia, muda na idadi ya nafasi. Kozi yenye nafasi nyingi kwenye Mwongozo lakini watu wachache darasani inakuambia kitu.

Mwongozo huo unasaidia kwa sababu nyingine pia: ndio ushahidi kwamba kozi inatambuliwa. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine ikazuia baadhi ya kozi tu. Kuna vilivyorekebisha mambo na kuendelea, na vipo ambavyo havikurudi, kama Chuo Kikuu cha Bagamoyo. Kinachotazamwa, basi, ni kozi ya mwaka huu. Sifa ya zamani ya jina la chuo haitoshi.

Upande wa fedha, wengi hulinganisha ada na kuishia hapo. Chukua karatasi, igawe mara mbili, unakili kila mstari wa maelekezo ya kujiunga. Utakuta ada ya TCU ya kudhibiti ubora, shilingi 20,000 kwa mwaka, na bima ya afya ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400. Hizo hazina tofauti kati ya chuo na chuo. Tofauti iko kwenye mistari inayofuata: usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, tahadhari, mazoezi ya ufundishaji. Jumlisha kwa miaka mitatu. Halafu weka chumba, na hapa Dodoma inaumia, kwani tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko 2016 vyumba vimegombaniwa na watumishi wenye mishahara. Tabora bado ni mji wa kadiri, ingawa ni mbali kidogo zaidi kutoka Itigi.

Mkopo haufuti hesabu hiyo. Bodi ya Mikopo hulipa kwa kadiri ya uhitaji ilioupima, na asilimia ya ada isiyolipwa inabaki kwa mzazi. Boom, yaani fedha ya kujikimu iliyo ndani ya mkopo, ni la chakula na malazi, lakini katika vyuo vya ada kubwa nimeona linageuka kuwa la kumalizia ada, na mwanafunzi anaingia mtihani akiwa na njaa. Mkopo wenyewe ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa mpaka liishe. Na walimu siku hizi wanaitwa kwenye usaili kama watumishi wengine, ambako unachokijua kina uzito kuliko jina lililoko kwenye cheti. Hiyo ni sababu nyingine ya kumtafuta mhadhiri kabla ya kutafuta geti zuri.

Mkiniuliza nichague, nitasema hivi. Idara moja ikiwa na wahadhiri wa kudumu watatu wa somo lako na nyingine ina mmoja, nenda kwenye watatu, hata kama ada imezidi kidogo. Zikilingana, nenda Tabora, kwa sababu ya chumba na chakula. Ikiwa zote mbili hazikujibu simu wala hazikutaja jina la mhadhiri hata mmoja, tazama awamu ya pili ya udahili kabla hujatuma namba ya kuthibitisha.

Na wewe mzazi, mpe mtoto nauli aende akavione vyuo vyote viwili siku ya kazi, wahadhiri wakiwa madarasani. Nauli hiyo ni ndogo kuliko ada ya muhula mmoja uliopotea.