Programu Imekataa Kufunguka Baada ya Matengenezo? Soma Hii Kabla ya Kutuma Pesa Tena

Fikiria uko Marikiti saa kumi na moja alfajiri. Gunia la viazi liko tayari kwenye mkokoteni, muuzaji anangoja pesa yake, na umeshabonyeza "Tuma". Skrini inazunguka weee, kisha inabaki nyeupe. Usiku tulikuwa tumezima seva zetu kwa matengenezo na kuziwasha upya. Sasa swali ni moja tu: pesa imeenda au haijaenda?

Tulia kwanza. Usitume mara ya pili.

Kwa nini inakwama?

Programu kwenye simu yako ni kama dirisha. Salio lako halikai ndani ya simu. Liko kwenye seva zetu, na simu inakuonyesha tu. Ukiingiza PIN, seva inaipa simu yako ufunguo wa muda. Tukiwasha seva upya, funguo za zamani zinaacha kufanya kazi, lakini simu yako haijui. Inaendelea kubisha na ufunguo wa jana, na mlango haufunguki. Dirisha limekwama, lakini pesa zako ziko salama.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu

1. Angalia salio kwa njia nyingine. Tumia menyu ya nyota na reli. Hiyo haihitaji bando. Ikifanya kazi, shida iko kwenye programu au intaneti yako. Ikikataa pia, na simu ina mtandao, huenda mfumo wetu haujarudi vizuri. Subiri kidogo.

2. Tafuta meseji ya muamala. Inaweza kuchelewa. Linganisha salio na lile la awali, na umuulize mpokeaji kama amepata. Kama salio limepungua na yeye hajapata, usirudie. Tupigie.

3. Funga programu kabisa. Kurudi kwenye skrini ya mwanzo hakutoshi. Iondoe kwenye orodha ya programu zilizo wazi, kisha uifungue na kuweka PIN upya. Hapo simu inapata ufunguo mpya.

4. Kagua intaneti na saa. Washa hali ya ndege kwa sekunde chache, kisha uizime. Hakikisha tarehe na saa zimewekwa zijirekebishe zenyewe. Saa ikiwa mbaya, simu inaweza kukataa kuiamini seva.

5. Sasisha programu, kisha futa kache. Kache ni mafaili ya muda tu. Lakini usiguse sehemu ya kufuta data bila sababu, maana huenda ukalazimika kujisajili upya kwenye programu.

Usibonyeze bonyeze kila sekunde. Baada ya matengenezo watu wengi huingia kwa pamoja, na foleni huwa ndefu. Dakika kumi za subira zinasaidia kuliko majaribio hamsini. Na ukikosea PIN mara kwa mara, akaunti itafungwa.

Jihadhari na "wasaidizi"

Matapeli wanapenda siku kama hizi. Mtu atakupigia aseme, "Tunarekebisha akaunti yako, hebu tupe PIN." Kata simu. Sisi hatukuulizi PIN, wala namba ya siri inayokuja kwa meseji, hata mfumo ukiwa umezima.

Turudi Marikiti. Umeangalia salio kwa menyu, na limepungua. Meseji imechelewa, lakini simu ya muuzaji imelia: amepata. Ungetuma tena, ungelipia gunia moja mara mbili, kisha uanze kubembeleza urudishiwe.

Bado imekataa? Piga namba ya huduma kwa wateja tuliyokutumia ulipojisajili. Ihifadhi leo, kabla shida haijabisha hodi.